Kupika kwa Moto Mdogo Nje ya Jiji la Dar: Mwongozo wa Kupata Mahali, Ruhusa na Kuni

Hakuna msitu wa Dar es Salaam ambao unaweza kuuingia tu na sufuria yako, ukakoka moto na kuinjika chai. Tuanzie hapo, maana watu wengi hupoteza Jumamosi nzima kwa kuanzia kwingine. Wanaona kijani kwenye ramani ya simu, wanapanda daladala, wanafika, wanarudishwa. Kile kijani kwa kawaida ni hifadhi, na hifadhi ina mwenyewe.

Kwa hiyo usitafute miti kwanza. Tafuta mtu mwenye mamlaka ya kukwambia "sawa, washeni." Miti itafuata, mkoa wa Pwani hauna uhaba wa miembe. Na maoni yangu nayasema mapema: msitu wa hifadhi ni wa kutembea, shamba la mtu ni la kupikia. Ukivitenganisha hivyo viwili, kazi inakuwa rahisi.

Hatua ya kwanza: jua msitu ni wa nani

Upande wa Kisarawe, kama kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, kuna Pugu na Kazimzumbwi, ambayo sasa ni hifadhi moja ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Unafika kwa daladala hadi Gongo la Mboto, kisha gari la Kisarawe. Kuna njia za kutembea, bwawa upande wa Minaki, na mapango yaliyoachwa na machimbo ya kaolini (udongo mweupe) ambayo popo wameyafanya kwao. Kusini, ukishapita Mbagala Rangi Tatu na Kongowe kwa Barabara ya Kilwa, kuna msitu wa Vikindu, nao uko chini ya TFS. Kaskazini-magharibi, kati ya Mabwepande na Mpiji Magohe, kuna Pande. Huo ni pori la akiba, na wenye kauli ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, wala si TFS. Usipeleke barua ya huku kule.

Katika yote hayo moto ni jambo la kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina vifungu mahsusi kuhusu moto, na haitofautishi sana aliyekusudia chai na aliyekusudia kusafisha shamba. Kuna sababu. Misitu hii imeliwa miaka mingi na wachoma mkaa wanaolisha majiko ya Dar, kwa hiyo askari wa misitu akiona moshi ndani ya Kazimzumbwi hawazii mandari, anawaza tanuri la mkaa. Halafu wamo viumbe wasiopatikana kwingine. Komba wa Rondo, mnyama wa usiku mdogo kuliko paka mchanga, anaishi katika vipande vichache tu vya msitu wa pwani ya Tanzania, Pugu na Pande vikiwemo. Moto ukitoroka pale hauunguzi nyasi tu.

Ukitaka hata hivyo kupika ndani ya hifadhi ya TFS, nenda ofisini kwao au getini siku kadhaa kabla, si asubuhi ya safari. Uliza mambo matatu: wapi wageni wanaruhusiwa kupika, kwa chombo gani, na ada ni kiasi gani kwa Mtanzania na kwa mgeni kutoka nje. Omba jiko, usiombe moto. Jiko la mkaa lina ukuta, lina kitako, majivu yake yanabebeka, na anayekuruhusu anaweza kulieleza kwa bosi wake. Malipo yafanye kwa namba ya malipo ya serikali utakayopewa, kwa simu au benki. Anayetaka fedha mkononi bila risiti hakupi kibali, anakuuzia kesi.

Mikoko ya Kunduchi, Mbweni na Kigamboni iache kabisa. Ni hifadhi, na kuni zake hazichukuliwi. Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari. Huko utachomewa samaki na wenyeji waliopewa nafasi hiyo, ukae kwenye banda ule. Ni raha, lakini sio unachokitafuta.

Jihadhari pia na maeneo yanayoonekana hayana mtu. Ukanda wa Gongo la Mboto kuelekea Pugu una ardhi ya jeshi, na kibao cha "Eneo la Jeshi" hakijadiliwi. Huko Kigamboni na Mkuranga unaweza kukutana na njia ndefu iliyofyekwa safi, pana, yenye vigingi vya alama. Inavutia sana kuweka mkeka. Inaweza kuwa njia ya bomba: la mafuta la TAZAMA linaanzia Kigamboni kwenda Ndola, Zambia, na la gesi kutoka Mtwara linaishia Kinyerezi. Chini ya nyaya za TANESCO vilevile, usiwashe kitu.

Hatua ya pili: tafuta shamba lenye miti

Hapa ndipo penye utajiri. Ukanda wote unaoizunguka Dar umejaa mashamba ya mikorosho, miembe na minazi, mengine ya wenyeji wa miaka mingi, mengine ya watu wa mjini walionunua ekari wakamwachia mlinzi. Kwa Kisarawe, pita mjini uende Masaki (ya Kisarawe, sio ile ya Dar) au njia ya Maneromango. Kwa Kigamboni, vuka kwa pantoni au Daraja la Nyerere, uelekee Gezaulole, Kimbiji au Pemba Mnazi. Kwa Mkuranga, ukiipita Vikindu. Kwa njia ya Bagamoyo, Kerege na Zinga. Kadiri unavyosogea mbali na lami ndivyo unavyopata kivuli kikubwa na masharti madogo, ila boda ya kurudi saa kumi na moja jioni inakuwa shida, kwa hiyo chukua namba ya dereva aliyekuleta.

Anza na unaowajua. Dar nzima ina mtu mwenye shangazi Kisarawe. Uliza kazini, uliza msikitini au kanisani, uliza muuza nazi wa mtaani kwenu nazi zake zinatoka wapi. Huyo wa mwisho ndiye mtu wa thamani kuliko wote katika zoezi hili, na tutamrudia kwenye kuni.

Usipokuwa na mtu, nenda serikali ya kijiji. Mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji anajua shamba gani lina mwenyewe anayekaa, lipi lina ugomvi wa mipaka (hilo likimbie), na kama kijiji kina msitu wake wenyewe. Vijiji kadhaa vina misitu iliyotengwa kwa sheria ndogo zao na kamati inayoisimamia. Kamati ikikubali, umepata mahali pazuri kuliko hifadhi ya serikali na karibu zaidi na watu.

Hatua ya tatu: kuomba

Usifike na watu kumi na spika. Nendeni wawili kwanza, siku nyingine kabla ya safari, mmoja akiwa mwanamke ikiwezekana. Kikundi cha vijana wa kiume watupu kinachotaka kuwasha moto porini kinatia wasiwasi, na wasiwasi huo una haki.

Maneno hayana ufundi mwingi.

"Hodi hapa! Shikamoo bibi."

"Marahaba, karibuni."

"Ahsante. Sisi ni wa Temeke. Tumetumwa na mtendaji. Tunaomba kivuli chako siku ya Jumamosi, familia moja, tupike chai na mihogo, tule, tuondoke kabla ya alasiri."

"Mtapikia wapi?"

"Utakapotuonyesha wewe. Moto ni wa mafiga matatu tu, na maji tunakuja nayo."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayofungua mlango. Mkulima wa korosho haogopi wageni, anaogopa moto, maana mkorosho ukiungua leo wa kuuziba pengo lake utausubiri miaka. Akisikia umeshaufikiria ukubwa wa moto na maji ya kuuzimia kabla hajauliza, anakuona mtu mzima. Mwache achague mahali. Usimbishie hata kama kivuli cha pili ni kizuri zaidi. Anajua wapi kuna siafu.

Kubalianeni kiasi cha ahsante palepale, mlipe mwishoni baada ya yeye kukagua. Sukari na majani ya chai ni heshima ya kufikia, sio malipo. Na kama ni mlinzi tu, mpigie mwenye shamba yeye akiwa anasikia. Mlinzi anayekuruhusu kwa siri ndiye atakayefukuzwa kazi kwa ajili ya chai yako.

Hatua ya nne: chagua majira na saa

Masika, Machi hadi Mei, kuni zimelowa na barabara za Maneromango zinakula gari. Juni na Julai ndiyo miezi yangu: joto limepungua, ardhi bado ina unyevu kidogo, mbu wamepungua. Kuanzia Agosti hadi vuli zishike, majani ni makavu na kusi bado inavuma. Ni wakati wa moto kutoroka. Januari na Februari ni vilevile, na jua lake hakuna atakayefurahia kukaa karibu na moto.

Angalizo moja kuhusu Juni na Julai kwenye mikorosho: ndio wakati wakulima wanapuliza unga wa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Unga huo unawaka, na kuuvuta kifuani si kuzuri. Uliza wazi: "Mmeshapuliza?" Kama wamepuliza karibuni au wanapuliza wiki hiyo, hamia kwenye miembe au subiri. Kipindi cha kuokota korosho nacho, mwisho wa mwaka, si wakati wa wageni kuzurura chini ya miti ya watu.

Saa nzuri ni asubuhi. Upepo wa baharini hukaza kadiri mchana unavyosogea, kwa hiyo washa saa mbili au saa tatu, uwe umeshaepua sufuria ya mwisho kabla ya saa sita. Ukifika ukakuta upepo unapeperusha mchanga unaoudondosha kutoka mkononi, kula mkate na ndizi, usiwashe. Mwenyeji atakukumbuka kwa hilo.

Hatua ya tano: kuni zitoke nyumbani

Kuokota kuni ndani ya hifadhi ni kuchukua mazao ya msitu, hata kama ni tawi lililooza. Shambani kwa mtu, tawi kavu lina mwenyewe pia, tena pengine ndilo la uji wa kesho. Nenda na zako.

Fueli bora ya mtu wa Dar ni nazi. Vifuu vinawaka kwa nguvu, vinatoa makaa mazuri, havirushi cheche nyingi, na gunia linabebeka kwenye boda. Yule muuza nazi wako anavyo, au mama wa mgahawa anayekuna nazi kila siku. Makumbi makavu unayachambua nyuzi kwa kuwashia. Kuti moja kavu, lililokatwa vipande, linamaliza mambo ya petroli na mifuko ya plastiki ambayo watu huwashia moto kisha wakachomea samaki juu yake.

Cha pili ni vipande vya mbao kutoka kwa maseremala. Keko wamejaa, na mtaa wowote una mmoja. Lakini chagua. Mbao ngumu isiyopakwa kitu ni sawa. Usichukue zenye rangi, vanishi au gundi, na hasa usichukue zile za kuezekea zilizotiwa dawa, zenye ukijani. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki. Ukizichoma inaingia kwenye moshi na kubaki kwenye majivu, na nyama yako iko katikati.

Ukiruhusiwa kuokota shambani, epuka vitu vitatu. Vijiti vya mnyaa, ule wa uzio: utomvu wake jichoni ni balaa. Maganda ya korosho: mafuta yake yanaunguza ngozi na moshi wake unakaba. Na kamba kavu zenye maganda ya manyoya ya kahawia, huo ni upupu. Usiguse, usichome, usipite upande ambao upepo unaupeleka.

Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo. Basi usishangae bibi wa shamba akicheka. Yeye anahangaikia mtungi wa gesi, wewe umepanda magari mawili kuufuata moshi.

Vitu vingine: sufuria moja yenye mfuniko, wavu wa kuchomea, mwiko, kiberiti viwili katika vyombo tofauti, dumu la lita 20 la kuzimia mbali na maji ya kunywa, na ndoo ya kumwagia. Panga na msumeno acha nyumbani. Mtu mwenye panga njiani Kazimzumbwi ana maelezo mengi ya kutoa. Jembe utaazima kwa mwenyeji. Usibebe chochote kwenye mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Kikapu cha ukili kinatosha.

Hatua ya sita: kuandaa na kuwasha

Kula kivulini, pika juani. Wengi hukosea hapa kwa sababu mpishi naye anataka kivuli. Joto la moto linapanda juu, linababua maua na majani ya mwembe, na mkulima ataliona wiki ijayo. Toka nje ya mwavuli wa mti kwa hatua kadhaa. Angalia juu pia: mzinga wa nyuki, tawi kavu, nazi. Chini ya mnazi hapakaliwi, moto uwepo usiwepo.

Fagia mduara wa mita mbili kila upande hadi mchanga uonekane. Majani yote, mboji yote. Kisha chimba shimo la upana wa sahani kubwa na kina cha shubiri moja, udongo ukiuweka kando. Ukikutana na mizizi, fukia na usogee: mzizi mkavu unaweza kushika moto chini kwa chini, ukaendelea kufuka wewe ukiwa umeshalala Temeke.

Mafiga yawe mawe makavu, ya nchi kavu. Jiwe la kijitoni lina maji ndani na linaweza kupasuka kwa kishindo. Karibu na bahari, usitumie jiwe la matumbawe. Hilo ndilo linalochomwa kupata chokaa, na likipata moto linamomonyoka sufuria ikiwa juu. Matofali mawili ya kuchoma na jiwe moja, ukiyabeba, ni bora kuliko kubahatisha. Kigamboni kwenye mivinje, fagia mara mbili. Sindano zake zilizokauka zinashika moto haraka sana.

Weka nyuzi za makumbi katikati, kuti juu, vijiti vyembamba kama penseli, washa upande upepo unakotoka. Ukishika, vifuu vinne au vitano tu. Usiongeze kwa tamaa. Vifuu mwanzo vinatoa mwali mrefu wenye masizi. Subiri uanguke, makaa yabaki mekundu, ndipo uweke wavu. Kwa chai, injika wakati wa mwali. Mpangilio huo wenyewe unakupa ratiba ya chakula: chai kwanza, vya kuchoma baadaye.

Mtu mmoja awe wa moto, hana kazi nyingine. Sio yule anayepiga picha.

Hatua ya saba: upike nini

Kidogo. Chai ya rangi yenye mchaichai wa palepale. Mihogo ya kuchoma, ndimu, chumvi na pilipili ya kusaga. Kama mihogo ni ya shamba hilo, muulize mwenyeji kama ni mitamu, kwa kuwa michungu ina sumu ambayo kuchoma juu juu hakuitoi. Viazi vitamu vifukie pembeni kwenye majivu ya moto vikiwa na maganda, uvisahau kwa dakika arobaini.

Samaki wa Feri ni wazuri lakini safari ya Kisarawe ni ndefu na foleni haina huruma. Watoe matumbo palepale sokoni, wapake chumvi na ndimu, uwaweke kwenye deli lenye barafu. Vibua wanachomeka bila kubembeleza. Wali wa nazi na maharage uache kwa safari ya pili. Unakula kuni, unakula muda, na sufuria iliyoungua ukoko inahitaji maji ambayo ungezimia moto.

Wapelekee wenyeji sahani ya kwanza, usiwapelekee makombo.

Ikiharibika

Cheche ikishika nyasi, ichape kwa tawi bichi au gunia lililoloweshwa, kutoka pembeni kuelekea katikati, mgongo wako ukiwa upepo unakotoka. Mmoja apige yowe mara moja. Kijijini yowe linaleta watu na majembe haraka kuliko gari lolote. Ukizidi uwezo wenu, ondoeni watoto, piga 114, Zimamoto na Uokoaji, na mtaje kijiji na alama kubwa ya karibu. Nyuki wakichafuka, kimbieni mbali, msiwapige kwa nguo. Tumbili akibeba mkate, mwachie.

Hatua ya mwisho: kuzima

Acha kuongeza kuni saa nzima kabla ya kuondoka. Makaa yakipungua, mwaga maji, koroga kwa kijiti, mwaga tena, pindua mafiga na kuyamwagia nayo. Weka mgongo wa kiganja juu ya majivu, kisha chini yake kwa kidole. Kama pana joto, hapajazimika. Usifukie mchanga makaa yakiwa hai: yanakaa humo kwa saa nyingi, na mtoto anayepita pekupeku hayaoni.

Yakishapoa, rudisha udongo ule ulioutoa, tandaza majani uliyoyafagia, kusanya mifupa na maganda. Mwite mwenyeji aje aone kabla hujafunga mizigo, umpe ahsante yake mlivyokubaliana, na vifuu vilivyobaki umwachie. Andika namba yake ya simu na jina la kitongoji, na umuulize mwezi gani ni mzuri kurudi.